Alama ya Namba Ishirini na Nne

Wako watu wanaodhani mpira wa magongo wa barafuni ni mambo ya wanaume. Watu hao hawajawahi kuketi kwenye ubao wa juu wa sauna, chumba cha kuoga mvuke, ya ngazi B ya jengo moja la ghorofa, pale Varkaus, Ufini, Jumapili alasiri, Kyllikki Immonen akiwachambua Simba mmoja mmoja. Simba ndio timu yetu ya taifa, na Kyllikki alifundisha hesabu mpaka alipostaafu, kwa hiyo alama anazowapa ni zilezile za shule. Nne umefeli. Tano umepenya kwa huruma ya mwalimu. Kumi ni ukamilifu, na haijawahi kutolewa katika sauna ile. Kyllikki husema hata malaika wakija kucheza winga wataishia tisa.

Sheria zao si nyingi. Aliyeshika kata ndiye msemaji. Akishataja alama anayamwagia maji mawe ya moto ya jiko, na mpaka mvuke utulie hakuna ruhusa ya kubisha. Na mama mzazi hapigi kura. Sheria hiyo ya mwisho ilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, Irja Tossavainen, kwa sababu kati ya wanawake wote wa jengo lile ni yeye pekee aliyezaa Simba.

Siku ya fainali ya kombe la dunia Irja alikuwa ameshakunja taulo na kutoa kwenye friza fagio la matawi ya mti wa mbetula, la kujichapia mwili saunani, alilolifunga kiangazi kilichopita, simu ikaita. Alikuwa Ilmari, mwanawe, anapiga kutoka hotelini Prague.

"Mama, mmeshashuka sauna?"

"Ndio nashuka. Umekula?"

"Nimekula. Mama, beki wetu Salmivirta alivunjika mkono jana. Kocha amenifuata leo asubuhi. Anataka nicheze."

Irja akaketi kwenye kibenchi cha viatu karibu na mlango. Mashindano yote hayo Ilmari alikuwa ameyatazama kutoka jukwaani, amevaa suti na tai kama karani wa benki.

"Umemjibu nini?"

"Sijamjibu. Amenipa mpaka basi litoke kwenda uwanjani. Amesema nikiona moyo unasita, atamweka yule kijana wa Turku, na hakuna atakayenilaumu. Kina Kyllikki wamenipa ngapi?"

"Hawajafika kwako."

"Mama, hawajafika kwangu miaka mitatu."

Ilikuwa kweli. Miaka mitatu nyuma, kwenye fainali kama hii dhidi ya Waswidi, haohao wa leo, mabao yakiwa sawa na mchezo ukikaribia kwisha, Ilmari alipata kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira, kando ya goli lake mwenyewe. Badala ya kukipiga kwenye ukuta unaozunguka uwanja kitoke nje ya hatari, alimpelekea mwenzake kwa kukipitisha mbele ya kipa. Mswidi mmoja akanyoosha gongo, akakinasa, akafunga. Kikombe kikaenda kwao.

Magazeti ya Helsinki yalimtafuna wiki nzima, halafu yakamsahau. Watu wa Varkaus hawakumtafuna. Walifanya vibaya zaidi, walinyamaza. Irja akiingia dukani, waliokuwa wakiongea hoki walihamia kwenye hali ya hewa. Saunani, Kyllikki akitoka namba ishirini na mbili alirukia ishirini na saba, na ishirini na nne, namba ya Ilmari, ikabaki shimoni. Hilo ndilo kosa letu watu wa huku. Tunadhani tukimnyamazia mtu tumemfunika blanketi, kumbe tumemfungia mlango yuko nje. Irja mwenyewe alishukuru kimoyomoyo kwa kimya hicho. Alikiona ni wema.

"Sitaki kusifiwa," Ilmari alisema. "Tangu nina miaka sita mlikuwa mnanipa alama. Nilikuwa nakaa pale kwenye ngazi na juisi yangu, nangoja utoke uniambie. Asiyepewa alama hayumo darasani, mama. Wakinipa nne, sawa, aliyefeli anaweza kurudia mtihani. Lakini hiki kimya mimi siwezi kuingia nacho uwanjani."

"Ngoja hapohapo," Irja alisema. "Usimjibu mtu kitu."

Alishuka ngazi kwa kishindo mpaka taulo likamdondoka.

Wenzake walikuwa wameshaanza. Kyllikki alikuwa katikati ya ubao wa juu, mgongo umenyooka utadhani bado yuko mbele ya darasa, kata mkononi. Maire Hyttinen, msusi wa mtaa, alikuwa amefunga nywele zake kwa kitambaa zisiharibike, na ulimi wake ulikuwa haujafungwa na chochote. Kwenye kona, karibu kabisa na jiko la mawe, aliketi Orvokki Puustinen, mkongwe wao, ambaye kwa joto lile wengine wangekuwa wameshazimia.

"Irja, umechelewa, kipa ameshapita," alisema Maire. "Kapata nane. Mimi nilisema saba, juzi alikuwa analala golini kama yuko kwao."

"Alidaka kila kitu," alisema Orvokki.

"Alikuwa anaota, kisahani kikamgonga."

"Kimya," alisema Kyllikki. "Nahodha, Mertaniemi. Saba. Mbio anazo, ila akishafika mahali hajui alikuja kufanya nini." Akamwaga maji. Mvuke ukapanda, ukawashukia mabegani, wote wakainamisha vichwa.

"Mume wangu alikuwa hivyohivyo," Maire alisema mvuke ulipotulia. "Anaingia jikoni mbio, anafungua friji, anasimama."

"Ishirini na mbili, Haapasaari. Nane. Ana makalio mazuri ya beki, hasukumiki," alisema Kyllikki.

"Hayo makalio mimi ningeyapa tisa," alisema Orvokki, na wakacheka mpaka Maire akapaliwa.

"Ishirini na saba," Kyllikki akaendelea.

Irja alinyoosha mkono, akaichukua kata mkononi mwa Kyllikki. Haikuwahi kutokea. Mtu aliisubiri kata mpaka apewe.

"Umemruka mtu," alisema.

Maji yalidondoka mahali fulani kwenye bomba la kuogea.

"Majani ya mwaka huu yamechelewa," alisema Maire, akilitazama fagio la Irja. "Tarehe hizi mwaka jana mbetula ilikuwa imeshafunguka."

"Maire, sikuulizi habari za miti. Namba ishirini na nne, beki, amezaliwa ghorofa ya tatu ya jengo hili. Anaweza kucheza leo. Nataka alama yake."

Wakatazamana. Kyllikki akakohoa. "Nane," alisema haraka.

"Tisa, jamani," alisema Orvokki kwa upole. "Mtoto mzuri sana yule, ananisalimia kila akija."

Hapo Irja alikasirika, na hakukasirika kidogo. Alikuwa amekuja kutafuta ukweli, wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alichota kata nzima, akaimwaga, mawe yakafoka.

"Tisa," alisema. "Nahodha wa taifa saba, mwanangu tisa, na miaka mitatu humtaji jina. Kyllikki, ungempa hivyo mtoto wa mtu darasani, ungeweza kumtazama mama yake usoni?"

"Irja, sisi tulitaka kukuhurumia."

"Nilikuomba huruma lini?" Kata nyingine. Mvuke uliwaangukia mzito, ukachoma masikio. "Basi sikilizeni. Ndoo imejaa na mlangoni niko mimi. Hatoki mtu humu mpaka nimesikia alama ya kweli."

Hakuwa anatania. Alikuwa ameketi ubao wa chini kabisa, mbele ya mlango, ndoo katikati ya miguu. Akamwaga tena. Kyllikki alifunika pua kwa viganja. Maire akashuka ubao mmoja, kisha akaona aibu, akapanda tena. Katika sauna zetu anayeshuka kwanza hukumbushwa mwaka mzima.

"Mama we, utatuua," Maire alisema.

"Semeni."

"Irja, tafadhali."

Kata nyingine.

"Nne," alisema Maire.

Alilisema kwa kunong'ona, lakini likishatoka la kwanza, mengine hayakuzuilika. "Nne, Irja. Umetaka, basi nne, na kama kungekuwa na tatu ningempa tatu. Kupitisha kisahani mbele ya goli lako mwenyewe! Mtoto wa chekechea haruhusiwi. Ukuta ulikuwa pale, mkubwa, mweupe, umebandikwa matangazo, akaukataa. Reino, mume wangu, alikuwa anatazama na ile mirija ya hewa puani. Alisema, Maire, mwaka huu ni wetu, nitaondoka na dhahabu. Akaondoka na nini? Vuli ileile nikamzika. Na wewe nikawa nakukata nywele kila mwezi, nakuuliza, tupunguze mbele au tuache, na huku nataka kulia. Miaka mitatu nimemeza." Jasho na machozi vilikuwa vimechanganyika, hakujua afute kipi.

Irja alikaa na kata mapajani. Ilimuuma, na sana. Lakini lilikuwa jambo la kwanza la kweli kusemwa juu ya mwanawe katika chumba kile tangu siku ile, na akaona kwa mshangao kwamba anapumua vizuri zaidi kuliko alipoingia.

"Ya Reino sikujua," alisema.

"Ungejuaje? Nilikuwa nakuambia habari za miti."

"Pole, Maire."

"Asante. Bado nne."

"Nne hapana," alisema Irja, na akanyanyuka, yuko uchi wa mnyama, kata imeelekezwa kwa Maire. "Nne nakataa. Nani alizuia makombora mawili kwa mguu siku ileile, akacheza na kidole kimevunjika? Nani alimtoa yule Mswidi mkubwa mbele ya goli mara tatu?"

"Mama mzazi hapigi kura," alisema Kyllikki.

"Sipigi kura. Nabishana."

Na wakabishana. Jamani, walibishana. Kyllikki alisahau huruma zote, akaanza kuhesabu kwa vidole: pasi ya kwanza kutoka nyuma, safi, hakuna beki mwingine nchini anayeiona mapema vile. Moyo upo. Miguu mizito. Akigeukia kushoto unaweza kwenda kuchemsha kahawa ukarudi bado anageuka. Maire akasema kosa lake si miguu, kosa lake ni kujiona ana akili, anatafuta pasi ya kuandikwa magazetini wakati timu inahitaji mtu wa kupiga ukutani tu. Irja akasema akili hiyohiyo ndiyo iliyowafikisha fainali. Maire akasema na ndiyo iliyowatoa.

"Saba," alisema Kyllikki mwishoni.

"Tano," alisema Maire. "Nimempandisha kwa ajili ya kile kidole. Sipandi tena."

Wakamgeukia Orvokki, ambaye alikuwa bado kwenye kona yake karibu na mawe, mwekundu kama kamba wa kuchemsha, ametulia.

"Sita," alisema Orvokki. "Ile tisa nilisema uongo. Naomba kata nitie sahihi."

Akapewa. Akamwaga maji, akamrudishia Irja kata, na mvuke uliposhuka hakuna aliyebisha.

Irja alitoka mbio hadi uani, taulo limemzunguka, simu mkononi, miguu peku kwenye changarawe, na wenzake wakamfuata wakitoa moshi mwilini kama viazi vilivyotolewa chunguni. Jirani wa ngazi A aliyekuwa akiosha gari alitazama pembeni kwa adabu. Irja akapiga simu. Ikapokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Basi linaunguruma nje, mama."

"Sita," alisema Irja.

Hakungoja aulizwe.

"Kyllikki alisema saba. Maire tano. Orvokki ndiye aliyeamua. Kyllikki anasema ukigeukia kushoto mtu anachemsha kahawa."

"Na Maire?"

Irja alimtazama Maire. Angeweza kupunguza makali. Mama yeyote angepunguza. "Maire alianza na nne. Anasema unajiona una akili. Anasema Reino alikuwa anangoja dhahabu ile, na hakuipata."

Maire akanyoosha mkono, akainyakua simu.

"Ilmari. Maire hapa. Sikiliza, baba. Nimekukasirikia miaka mitatu na leo ndio nimeitua hasira hiyo. Nimekupa tano. Lakini ukimwambia yule kocha kwamba moyo unasita, akamweka mtoto wa Turku, naifuta, nakurudishia nne, na utazikwa nayo. Umenielewa?"

Wote walisikia sauti ndogo kwenye simu. Mwanzoni Irja alidhani mwanawe analia. Alikuwa anacheka.

"Nimekuelewa, shangazi."

"Na upige ukutani."

"Hilo sikuahidi," alisema Ilmari, na akakata.

Jioni walikusanyika kwa Orvokki, kwa sababu yeye ndiye mwenye televisheni kubwa. Jua la Mei lilikuwa bado liko juu ya ziwa, wakavuta mapazia. Kulikuwa na kahawa, maandazi ya iliki, na mkate wa samaki ambao Kyllikki aliuoka tangu asubuhi na ambao hakuna aliyeugusa. Namba ishirini na nne ilipotokea barafuni, mtangazaji alilikumbusha taifa kile kisa cha miaka mitatu nyuma, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Irja akamwambia mtangazaji huyo maneno ambayo Orvokki hakuwahi kuyasikia ndani ya nyumba yake.

Ilmari alicheza mchezo wa alama sita, haswa. Alizuia kombora moja kwa bega. Aligeukia kushoto, Mswidi akampita, na kipa akamwokoa. "Kahawa imechemka," alisema Kyllikki. Kipindi cha pili alisukumwa akaanguka, akainuka, akampata aliyemsukuma. Maire alikuwa akitafuna ncha ya kitambaa chake. Irja aligundua kwamba bado ameshika kata. Alikuwa ameipandisha kutoka saunani bila kujua, na alipotaka kuiweka mezani vidole vilikataa.

Kipindi cha tatu, cha mwisho, kila timu ilikuwa na bao moja. Na zikiwa zimebaki dakika chache, kisahani kikateleza mpaka kando ya goli la Simba, na aliyekuwa pale kukipokea alikuwa namba ishirini na nne. Upande uleule. Waswidi wawili wakamjia. Ukuta ulikuwa pale, mkubwa, mweupe.

"Ukutani," alisema Maire. Kisha akapaza sauti ikasikika ngazi nzima. "Ukutani, mwanangu, ukutani!"

Ilmari aliinua kichwa. Kamera ilikuwa karibu, na Irja akaona macho yake ndani ya kofia, na akayajua. Yalikuwa macho ya mtoto wa miaka sita aliyeambiwa asiruke kutoka juu ya paa la banda la baiskeli.

Akakipitisha mbele ya goli lake mwenyewe.

Maire aliziba uso kwa mikono yote miwili. "Nne," alisema ndani ya viganja. "Nne, nne, nne."

Gongo la Mswidi lilinyooka, likakikosa kwa upana wa kidole. Kisahani kikafika kwa Haapasaari mwenye makalio, na mbele yake hapakuwa na mtu, maana Waswidi wote wawili walikuwa wamemkimbilia Ilmari. Haapasaari akampa nahodha. Nahodha akaenda mbio, na kwa mara ya kwanza mashindano yale yote, alipofika alijua alichokuja kufanya.

Mayowe yaliyotoka kwenye jengo lile yalimtisha mbwa wa ngazi A mpaka akajificha chini ya kitanda. Maire alikuwa bado amejiziba uso, Kyllikki ikabidi amtoe mikono kwa nguvu amwoneshe. Waswidi walishambulia mpaka mwisho, na mwisho ukafika, na Simba wakalundikana barafuni. Maire akalia, akisema Reino, Reino, umeona?

Ilipotulia kidogo, Kyllikki akajifuta miwani.

"Pasi ile ilikuwa ya kijinga," alisema. "Saba. Sizidishi."

"Saba," alisema Maire huku akipenga. "Na ningekuwa karibu ningempiga kofi."

"Saba," alisema Orvokki, na akaanza kukata mkate wa samaki.

Irja alisimama. Akainua kata.

"Kumi," alisema.

"Irja, kumi haipo. Na wewe ndio kabisa."

"Kumi. Asiyetaka ashuke nami saunani sasa hivi tuwashe jiko tena."

Walimtazama yeye, wakaitazama kata, na hakuna aliyeshuka. Simu ikaita. Nyuma ya sauti ya Ilmari kulikuwa na wimbo na vurugu za watu wazima wanaoruka kama watoto.

"Mama. Ngapi?"

"Saba kutoka saunani," alisema Irja. "Maire angekupiga kofi. Na kumi kutoka kwangu."

"Mama mzazi hapigi kura."

"Leo amepiga."